KUSIMAMA IMARA WAKATI WA DHIKI: FUNDISHO KUTOKA KATOR

Hotuba ya katekista mmoja mzaliwa wa Kator, Juba, kwa Wakristo wa madhehebu mbalimbali katika kambi ya Kakuma, kwenye maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani

 

Kamati imeniomba niseme machache juu ya jinsi Mkristo anavyoweza kusimama imara kiroho wakati wa taabu. Nitatumia mfano wa Kator, mtaa wa mji wa Juba nilikolelewa. Si kwamba watu wa Kator ni wema kuliko watu wa Bor, Malakal, Uvira au Bujumbura. Ni kwamba mtu hushuhudia lile analolijua. Mahali nitakaposema Kator, kila mmoja wenu aweke jina la kwao.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Wengi wetu tunafikiri kwamba kusimama imara maana yake ni kutolia, kutochoka na kutomuuliza Mungu neno. Kwa hiyo mama aliyefiwa akilia siku nyingi, tunamwambia imani yake ni haba. Kijana akisema amechoka na maisha, tunamkemea. Biblia haifundishi hivyo.

Tumkumbuke nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Mtu huyu alikuwa ameshinda manabii wa Baali mlimani Karmeli. Kisha Malkia Yezebeli akaapa kumwua, naye akakimbia kuiokoa nafsi yake. Kwa lugha yetu ya leo, alikuwa mkimbizi. Alitembea jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti wa mretemu, akaomba afe. Nabii wa Mungu aliomba afe!

Angalieni Mungu alivyomtendea. Hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akamgusa mara ya pili, akamwambia ale tena kwa kuwa safari ni ndefu. Ndipo akapata nguvu za kwenda hadi mlima wa Horebu.

Kule Horebu Eliya alilalamika kwamba amebaki peke yake. Mungu akamjibu kwa mambo mawili. Alimpa kazi ya kufanya, na akamjulisha kwamba katika Israeli wamesalia watu elfu saba ambao hawakumpigia Baali magoti. Eliya alidhani amebaki peke yake, lakini walikuwako.

Hilo ndilo neno langu la leo. Mkristo hasimami imara kwa sababu ana moyo wa chuma. Anasimama kwa sababu yuko pamoja na wengine waliosimama, naye akiyumba wanamshika, na wao wakiyumba anawashika. Shetani wa dhiki hana uongo mkubwa kuliko kutuambia kwamba tumebaki peke yetu.

Sasa twende Kator.

Wageni wanaofika Kator huonyeshwa soko la Konyokonyo, na huonyeshwa Kanisa la Mtakatifu Teresa, ambalo ndilo kanisa kuu la Jimbo Kuu la Juba. Mtu anayeliona leo anaweza kudhani kwamba imani ilifika pale kwa urahisi. Sivyo. Katika miaka ya 1850 wamisionari Wakatoliki walifungua kituo Gondokoro, ng'ambo ya mto Nili. Wengi wao walikufa kwa homa. Padre Angelo Vinco alifariki mwaka 1853 kati ya Wabari, angali kijana. Baada ya miaka michache kituo kikafungwa, waliobatizwa wakiwa wachache. Mtu wa siku zile angeweza kusema kwamba kazi yote imepotea. Leo kanisa kuu limesimama upande wa pili wa mto uleule. Waliopanda hawakuvuna, lakini mbegu haikufa.

Jaribu lingine lilikuja katika vita vya kwanza. Mwaka 1960 serikali ya Khartoum iliondoa mapumziko ya Jumapili huku Kusini na kuweka Ijumaa. Mwanzoni mwa mwaka 1964 iliwafukuza wamisionari wote wa kigeni kutoka Kusini, watu wapatao 300. Mapadre wenyeji walikuwa wachache sana. Mwezi wa Julai 1965 askari waliua raia wengi mjini Juba na kuchoma nyumba zao. Maelfu wakakimbilia Uganda, Kongo na porini.

Ni nani walioibeba imani wakati huo? Ni wale mapadre wachache, na pamoja nao makatekista, akina mama na wazee wa kawaida. Mahali pasipo na padre hapakuwa na Misa, lakini watu walikusanyika Jumapili. Walisali kwa Kibari na kwa lugha nyingine za kwao. Waliwafundisha watoto ishara ya msalaba na Baba Yetu. Waliwazika wafu wao kwa sala. Hawa ndio elfu saba wa kwetu. Majina yao hayakuandikwa vitabuni, na wengi wao hawakujua kusoma. Lakini amani ilipotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1972 na watu wakaanza kurudi, walikuta imani haikuzimika. Mwaka 1974 Juba ikafanywa jimbo kuu, na Askofu Mkuu wa kwanza akawa mwana wa nchi, Ireneus Wien Dud.

Vita vya pili vilianza mwaka 1983 na kudumu miaka zaidi ya 20. Juba ikazingirwa. Barabara zilifungwa, chakula kikawa kinaletwa kwa ndege. Mwezi wa Juni na wa Julai 1992 mji ulishambuliwa, na baadaye watu wengi walikamatwa na usalama, wengine wasionekane tena hadi leo. Katika miaka hiyo yote Askofu Mkuu Paulino Lukudu Loro alibaki na watu wake. Aliliongoza jimbo tangu mwaka 1983 hadi 2019, akafariki mwaka 2021. Watu wa Kator hawamkumbuki hasa kwa ajili ya hotuba. Wanamkumbuka kwa sababu alikuwako. Ndugu zangu, kuwapo ni huduma. Mtu aliye katika dhiki anaweza kusahau uliyomwambia, lakini hasahau kwamba ulikuja.

Kisha tukapata uhuru, tarehe 9 Julai 2011, tukafikiri machozi yamekwisha. Tarehe 15 Desemba 2013 risasi zikalia Juba, na safari hii hazikutoka Khartoum. Tulizipiga sisi kwa sisi. Tarehe 8 Julai 2016, siku moja kabla ya kutimiza miaka mitano ya uhuru, zikalia tena. Watu wakakimbilia makanisani na kwenye vituo vya Umoja wa Mataifa. Wengi wetu tulioko hapa tulipita Torit, Kapoeta, Narus na Nadapal tukiwa na mzigo wa kichwani tu.

Nimeyasema haya kwa sababu maalumu. Dhiki ya nyakati za wazee wetu ilitoka kwa watu wa mbali, na ilikuwa rahisi kuungana dhidi yake. Dhiki yetu imetoka ndani ya nyumba, na ndiyo maana inatikisa imani kuliko ile. Hapa kambini naona inatujaribu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuchoka. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992. Wako watu waliozaliwa hapa, wakaoa hapa, na sasa watoto wao wanasoma hapa. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa tena, na familia zikapangwa kwa makundi kulingana na uhitaji. Mama anatazama sufuria, anatazama watoto, anauliza Mungu yuko wapi.

Kwa swali hilo sina jibu la haraka, na ninawaomba wahubiri wenzangu wasijifanye wanalo. Mwenye njaa asiambiwe kwamba njaa yake inatokana na upungufu wa imani. Mungu alimlisha Eliya kabla ya kumtuma. Basi anayekuja kwako na njaa, mpe kwanza ulicho nacho, hata kama ni nusu kikombe cha unga, ndipo msali pamoja. Tena si dhambi kwa Kamati kwenda ofisini kueleza kwa adabu kwamba chakula hakitoshi. Mjane wa Injili alimsumbua kadhi dhalimu mpaka akapewa haki yake, na Bwana Yesu alimsifu. Uvumilivu wa Kikristo haumzuii mtu kusema kweli.

Na anayelia mwacheni alie. Waswahili husema pole. Sisi wa Juba husema malesh. Ni maneno mafupi kwa sababu mbele ya msiba maneno marefu hayasaidii. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipoketi naye chini wakiwa kimya. Walianza kukosea walipofungua midomo kumweleza sababu ya mateso yake.

Njia ya pili ni kuuziwa matumaini. Mtu aliyechoka hununua chochote. Wanatokea wanaojiita manabii, wanasema wameona jina lako katika orodha ya kwenda Marekani, Kanada au Australia, lakini kwanza utoe sadaka maalumu. Wengine wanauza maji na mafuta ya kuondoa laana ya ukimbizi. Ndugu zangu, ukimbizi si laana. Bwana wetu mwenyewe alibebwa na Yosefu na Mariamu usiku kukimbilia Misri, angali mtoto mchanga. Neema ya Mungu haiuzwi. Petro alimkatalia Simoni mchawi aliyetaka kuinunua kwa fedha, na jibu lake halijabadilika. Mtu akikuomba fedha ili akuombee safari, ondoka, ukawaambie wazee. Tumaini la kweli halina bei, nalo halikuahidii tarehe.

Njia ya tatu ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Ni chuki. Mtu anaweza kushinda njaa na kushinda homa, akashindwa na chuki, kwa sababu chuki inajifanya kuwa haki. Inakuambia: Walimwua baba yako, basi huna deni la upendo kwao.

Tuseme ukweli bila kuficha. Mwezi wa Desemba 2013 huko Juba watu waliuawa kwa kuulizwa kabila. Wengi wao walikuwa Wanuer. Baadaye huko Bor na Bentiu watu wa makabila mengine nao waliuawa kwa sababu hiyohiyo. Hakuna kabila hapa lisilo na kaburi, na hakuna kabila linaloweza kusema mikono ya watoto wake wote ni safi. Hapa Kakuma tunachota maji kwenye bomba moja. Kila habari mbaya inapotoka nyumbani, vijana wanaanza kutazamana vibaya, na ugomvi wa jerikani unageuka kuwa ugomvi wa makabila. Mwaka 2025 mapigano yalipozuka tena Nasir na kwingineko, tuliona jinsi simu moja yenye picha za maiti ilivyoweza kuvuruga mtaa mzima.

Hapa ndipo imani ya mtu inapopimwa. Kwenda kanisani ni vizuri. Kuimba ni vizuri. Lakini kama naimba asubuhi, na jioni nampelekea mwanangu picha ile ili ajue adui yake ni nani, nimeanguka, hata kama sauti yangu ni nzuri kwaya nzima.

Je, kusamehe kunawezekana? Nitawapa mfano unaojulikana na wote. Mwezi wa Aprili 2021 Padre Christian Carlassare, aliyekuwa ameteuliwa kuwa Askofu wa Rumbek, alivamiwa usiku nyumbani kwake, akapigwa risasi miguuni. Akiwa bado na majeraha alisema amewasamehe. Hakusema lililotendeka si kosa, na mahakama iliendelea na kazi yake. Alirudi Rumbek, akawekwa wakfu mwezi wa Machi 2022. Mwaka 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alipokuja Juba, askofu huyo alitembea siku kadhaa kutoka Rumbek pamoja na vijana wa makabila mbalimbali, kwa miguu ileile iliyopigwa risasi.

Katika ziara hiyo, tarehe 4 Februari 2023, Baba Mtakatifu alifika Kator. Ndani ya Kanisa la Mtakatifu Teresa alikutana na maaskofu, mapadre, watawa na waseminari. Aliwaonyesha mfano wa Musa, mtu aliyeokolewa katika maji ya Nili, ambaye baadaye alisimama katikati ya Mungu na watu wake kuwaombea. Hakuja peke yake Juba. Alikuja na Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, na kiongozi wa Kanisa la Scotland, Iain Greenshields. Wakuu watatu wa makanisa yaliyowahi kutengana walisali mahali pamoja mbele ya watu wetu. Ikiwa wao waliweza kutoka mbali hivyo ili wasali pamoja, nasi tunaweza kuvuka uchochoro mmoja.

Ndugu zangu, sitaki mwondoke hapa na maneno matupu. Naomba tushike mambo manne. Hayahitaji fedha wala ruhusa ya mtu.

La kwanza, tushike saa ya sala ya pamoja. Wazee wetu wa mwaka 1964 hawakungoja wajisikie vizuri ndipo wasali. Jumapili ilipofika walikusanyika. Jumuiya ndogondogo zikutane kila wiki, hata kama ni watu watatu, hata kama mnaketi kwenye mkeka chini ya mti. Siku usiyokuwa na nguvu ya kusali, nenda ukae tu. Wengine watasali kwa niaba yako. Wiki ijayo nawe utasali kwa niaba yao.

La pili, asizikwe mtu peke yake. Akifa mtu ambaye kabila lake halipo katika mtaa wetu, sisi ndio kabila lake. Tuchimbe kaburi, tusali, tukae na wafiwa. Makabila yaliyozikana ni vigumu kuuana.

La tatu, tufanye kazi kwa ajili ya mahali tulipo. Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia Wayahudi waliohamishwa Babeli kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, na kuuombea amani mji walimo. Hakuwakataza kutamani kwao. Aliwakataza kuishi kama watu waliokwisha kufa. Tuwaheshimu Waturkana waliotupokea katika nchi kavu, ambao nao mifugo yao hufa kwa ukame. Tusikate miti yao ovyo. Mwenye ujuzi wa kushona, kufundisha au kulima bustani ya mboga kwa maji ya kuoshea, amfundishe mwingine.

La nne, kila siku tumwombee kwa jina mtu mmoja aliyetukosea. Kama jina lake hulijui, mtaje kwa kosa lake: yule aliyechoma nyumba yetu, yule aliyetupora njiani. Mwanzoni ulimi utakuwa mzito. Mwombee hivyohivyo. Sisemi kwamba uchungu utatoka mara moja, na wala sisemi kwamba haki isitafutwe. Nasema tu kwamba mtu unayemwombea kila siku, huwezi kumfundisha mwanao kumwua.

Mtume Paulo anawaandikia Warumi, katika sura ya tano, kwamba dhiki huzaa saburi, saburi huzaa uthabiti, na uthabiti huzaa tumaini. Mtu asidhani kwamba dhiki inazaa hayo yenyewe, kama mvua inavyootesha magugu. Dhiki peke yake huzaa pia ulevi, wizi na kisasi. Tumeviona vyote hapa. Inazaa saburi pale tu inapolimwa, na shamba hili halilimwi na mtu mmoja. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani Filipi wakiwa wawili, na wafungwa wengine walikuwa wakisikiliza.

Sijui nani kati yetu atarudi Kator, au Bor, au Uvira, na nani atazikwa hapa. Jambo ninalolijua ni kwamba vijana waliokaa kule nyuma wanatusikiliza. Siku moja wataulizwa ni nani alibeba imani katika miaka ya kambi. Mungu atujalie waweze kusema: walikuwako watu, hawakuwa wengi, majina yao hayakuandikwa, lakini walikuwako.

 Mungu awabariki, aibariki Sudan Kusini na nchi zote tulizotoka, na aibariki Kenya iliyotupokea. Amina.